Karafuu Haisubiri Kuiva

Methali ya kwanza tunayofundishwa juu ya subira ni ile ya mvumilivu kula mbivu. Kwa embe inafaa. Kwa ndizi na papai inafaa. Aliyeitunga, naapa, hakuwa na mikarafuu. Karafuu tunayoijua, ile ya pilau na ya jino linalouma, ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Ukilingojea liive, linachanua, linapukutika, na baadaye unabaki na tunda la rangi ya zambarau linalofaa kwa mbegu na si kwa soko. Mwenye shamba anangojea miaka sita, saba, nane mpaka mche uanze kuzaa. Anangojea miezi mpaka tumba zijae na kuingia wekundu. Halafu, katika siku chache tu, anatakiwa aache kungojea. Akiendelea kuwa mvumilivu hapo, amekwisha.

Kwa hiyo mjadala wa kusubiri jambo usilojua litatokaje nimeupeleka Pemba, kwenye baraza ya nyumba ya shamba. Wanaosema hapa chini nimewabuni mimi. Maneno yao ni ya kila msimu.

Mambo yamekaa hivi. Ni mwezi wa saba. Mzee mmoja ana mikarafuu arubaini, na mwaka huu imetoa tumba, changa bado, za kijani. Amekuja mfanyabiashara kutoka mjini na laki tisa taslimu. Anataka kukodishwa miti hiyo kwa msimu huu: achume mwenyewe, aanike mwenyewe, auze mwenyewe. Hesabu ya upande wa pili nayo si ngumu. Tuchukue shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, bei iliyodumu kwa miaka mingi ya muongo wa 2010 katika vituo vya ZSTC, shirika la serikali ambalo kwa miongo mingi limekuwa ndilo mnunuzi wa karafuu. Kila mti ukitoa kilo tano kavu, Mzee ana 2,800,000. Ukitoa kilo mbili, ana 1,120,000, na hapo wachumaji hawajalipwa. Itakuwa kilo tano au mbili? Mkarafuu una miaka yake ya kujaza na miaka yake ya kupumzika, wala hautoi taarifa.

MJUKUU: Babu, laki tisa ziko mkononi. Karafuu ziko mtini. Baina ya mkono na mti pana mvua, pana upepo, pana wezi, pana mchumaji anayeteleza akaanguka. Mimi ningechukua leo.

BABU: Wewe ungechukua jana. Mikarafuu hii aliipanda baba yangu, na siku anaipanda alikuwa na mvi tayari. Watu wakamcheka, unampandia nani? Kama angekuwa na haraka yako, leo hapa pangekuwa na muhogo tu.

MJUKUU: Hadithi hiyo nzuri, Babu, ila kila mara unaianzia pazuri. Tuirudishe nyuma kidogo. Skuli tulisomeshwa kwamba Sultani Sayyid Said aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu, na asiyetii shamba lake lichukuliwe. Haya. Nani alichimba yale mashimo? Nani aliitilia maji ile miche, mwaka wa kwanza mpaka wa saba? Watumwa, hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Wao walikuwa wanasubiri nini? Mara nyingi subira ya mwenye shamba ni jasho la mtu mwingine.

BABU: Baba yangu hakuwa na mtumwa.

MJUKUU: Najua, Babu. Nasema juu ya neno lenyewe, namna linavyotumika.

Neno hilo, ndiyo. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa zikitoka huko. Mwenye miti Pemba hakuwa mvumilivu kuliko mwenzake wa Unguja. Walingojea miaka ileile, kwa roho ileile. Mmoja alikuwa tu ng'ambo ya pili ya maji. Lakini nenda kasikilize wajukuu wao wanavyosimulia: huku utaambiwa babu yao alikuwa na subira, kule utaambiwa ilikuwa kudra. Sifa ya subira tunaigawa baada ya matokeo, na anayegawiwa ni yule aliyepata.

Barazani alikuwapo pia Maalim, kimya muda wote huo, akihesabu tasbihi. Mfanyabiashara naye alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani, kwa adabu ya mtu anayejua yupo kwenye nyumba ya watu.

MAALIM: Mzee wangu, kabla ya faida na hasara, kuna halali. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuuza matunda yaliyo mtini mpaka ubora wake udhihirike. Na sababu yake iko wazi. Mwenyezi Mungu akilizuia tunda lisitoke, utakuwa umechukua mali ya ndugu yako kwa kitu gani?

MKODI: Maalim, mimi sinunui tumba. Nakodi miti.

MAALIM: Unakodi miti ukae kivulini?

(Hapo hata Babu alicheka.)

MAALIM: Iko njia nyingine. Watu wa Madina walikuwa wakilipana mapema kwa tende za mwaka mzima, za miaka miwili, na hawakuzuiwa. Waliambiwa iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Ndiyo biashara ya salam. Mpe Mzee laki zako tisa leo, umdai kilo mia moja, kavu, daraja la kwanza, mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Zitakazozidi mia ni zake.

MJUKUU: Na zisipofika mia?

MAALIM: Atazitafuta kwingine ampe.

MJUKUU: Basi Maalim umegeuza godoro tu. Kwa kukodisha, anayekosa usingizi ni huyu bwana. Kwa salam, anayekosa usingizi ni Babu. Kusubiri ni kulekule, tumebadilisha tu nani analala macho.

MKODI: Na mimi nikionekana natoka hapa na magunia ya karafuu za mtu, sikuzipeleka kituoni, naitwa mtu wa magendo. Nani atanisikiliza nikisema hii ni salam?

MAALIM: Hapo umenipata.

Mjukuu ametaja usingizi kwa mzaha, lakini mimi naona ndipo ulipo uzito wa mambo. Tunazungumza kuhusu subira kana kwamba ni kitu kimoja kinachokaa kifuani. Ukiitazama mikataba ya watu unagundua ni mzigo kama gunia, una uzani, unaweza kupokezwa huyu ukatuliwa na yule, na ubebaji wake una ujira. Laki tisa za mkodi zimeshakatwa ujira huo. Anamlipa Mzee pungufu kwa sababu yeye ndiye atakayebeba miezi minne ya kutazama mawingu.

Na mawingu ya karafuu ni mengi. Watu wa mbali hudhani ukishachuma umeshamaliza. Kishada kimoja hakikomai kwa pamoja, kwa hiyo mti ule ule unapandwa mara mbili, mara tatu. Zikishashuka, zinachambuliwa, tumba huku, makonyo kule. Makonyo hayatupwi, yanakwenda kukamuliwa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi, huko huko Pemba. Halafu zinaanikwa juani siku tatu, nne, mpaka kilo tatu mbichi zibaki kama kilo moja. Zikilala zimelundikwa usiku mmoja tu bila kuanikwa, zinachacha na kuingia weupe, na daraja la kwanza limekwenda. Zikinyeshewa zinaota ukungu. Na kipindi chenyewe cha kuanika kinagongana na mvua za vuli. Mti umekungojesha miaka, jua linakungojesha masaa, na uliyoyapata kwa miaka unaweza kuyapoteza kwa masaa.

Wanaoyajua haya zaidi ni wanawake, kwa sababu kuchambua na kuanika ni kazi yao sana. Binti wa Mzee alikuwa ndani akisikia kila neno. Akatoka na kikombe cha chai, akampa mgeni kwanza.

SHANGAZI: Maalim, niruhusu niseme, wewe ndiye msomi. Kila tukitajiwa subira tunatajiwa Nabii Yaakub, subira njema. Akalia mpaka macho yakaingia weupe. Sura hiyo hiyo ina mtu mwingine aliyesubiri, tena miaka saba na saba mingine juu yake. Mwanawe. Yusuf hakusema watu wasubiri tu. Alisema nafaka iachwe kwenye mashuke yake, itolewe kidogo tu ya kula. Mnatuhubiria ya baba. Mimi nataka ya mwana.

MAALIM: Yote mawili ni ya Mitume, dada yangu.

SHANGAZI: Ni kweli. Lakini Yusuf alipewa ghala la nchi. Mimi nina pipa la mchele, na nimelisikia asubuhi kata ikigusa chini. Baba, ukiniambia nisubiri mpaka mwezi wa kumi na moja, nitasubiri. Niambie tu tunasubiri tukila nini.

BABU: Mwanangu, tumeshawahi kusubiri tukila muhogo.

SHANGAZI: Ndiyo, na mwaka ule ulichukua mkopo dukani, ukaulipa kwa karafuu, na karafuu ulizolipia zilipita hizo laki tisa anazotoa huyu bwana leo. Ulikodisha miti yako vilevile, Baba. Ila ulimkodisha mwenye duka, kilo kwa kilo, na hukujua.

Baraza ilinyamaza, nami sitawalazimisha waseme. Nasema mwenyewe: katika mjadala huu niko upande wa Shangazi. Tunaisifu subira kama tabia njema, na ni tabia njema, lakini mara nyingi tunayemwita mvumilivu ni mtu mwenye akiba. Mwenye duka mjini anaweza kukaa na karafuu stoo, au na pesa, miezi mitano, na tunasema bwana yule ametulia. Mwenye mtoto anayedaiwa ada wiki ijayo anauza mtini, tunasema hana subira. Wabadilishane mifuko kwa msimu mmoja tuone nani ataitwa na papara. Anayeuza mtini, nijuavyo mimi, anafahamu vizuri kwamba anauza rahisi. Hakuna anayehitaji kumfundisha hesabu.

Maalim, kwa namna ya kupoza mambo, akakumbusha kwamba subira na shubiri, ule mmea mchungu, kwa Kiarabu yanachipuka kwenye shina moja la herufi. Mjukuu akajibu kwamba anayeshauriwa kunywa shubiri ni mgonjwa kila siku, mganga hanywi. Maalim akamwambia ana ulimi. Tuendelee.

BABU: Mnajua nini kilichonifanya nisiwaamini watu wanaokuja na pesa mapema? Zama za ujana wangu bei ilikuwa juu, na aliyekuwa akitununulia sana alikuwa Mwindonesia.

MKODI: Kwa ajili ya zile sigara zao za karafuu.

BABU: Hizo. Sisi tukasema, basi, hawa watu wataendelea kuvuta. Na waliendelea kuvuta.

Waliendelea kuvuta, ila walipanda ya kwao. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia. Wafaransa waliiba miche na kuipeleka Mauritius karne ya 18, na baada ya miongo michache ikafika Zanzibar. Katika miaka ya 1970 Indonesia ilipanda mikarafuu kwa wingi ili isinunue tena nje, na katika miaka ya 1980 miti hiyo ikajibu. Bei ya dunia ikaporomoka. Pemba watu wakaacha magugu yapande mpaka kwenye matawi. Hiki ndicho kisa cha subira kinachonisumbua kuliko vyote, kwa sababu Waindonesia nao walisubiri, kwa miaka ile ile saba ya mti, na subira yao ndiyo iliyotuvunja sisi. Mkarafuu unajibu swali la zamani. Bei ikipanda leo, watu wanapanda miche leo, wote kwa pamoja, na mti unakuja na jibu wakati aliyeuliza ameshahama. Zanzibar ilipopandisha bei kwa nguvu mwaka 2011, miche ikaanza kugombewa tena.

MKODI: Mzee wangu, na mimi niseme. Nimekaa kimya kwa sababu hapa mimi ndiye mwenye pesa, na mwenye pesa akisema sana anaonekana anashinikiza. Watu wanatuita wanyonyaji. Labda tuko. Lakini mwaka juzi nilikodi miti kijiji cha pili, nikalipa, mvua ikapiga wiki mbili mfululizo. Karafuu zikanichachia mikononi. Yule mzee alikuwa ameshajenga chumba kwa pesa yangu. Hakuna aliyenipa pole. Mimi nauza kitu kimoja tu: wewe lala, nitakesha mimi. Unaweza kusema nauza ghali. Usiseme siuzi kitu.

MJUKUU: Mimi sijasema.

SHANGAZI: Mimi pia sijasema. Nataka kuuliza kimoja tu, kaka yangu, usinichukulie vibaya. Hizo laki tisa ni zako?

Mfanyabiashara akatia kikombe chini.

MKODI: Si zote.

SHANGAZI: Za nani?

MKODI: Za mtu mjini. Ananidai mwezi wa kumi na moja.

BABU: Na zikichacha?

MKODI: Atanidai hivyo hivyo.

Mzee akacheka kile kicheko cha wazee, kinachotoka tumboni na kuishia kwenye kikohozi. Akasema alidhani amepata mtu wa kumbebea mzigo, kumbe amepata mtu wa kuupitisha. Nadhani hata mjukuu, aliyeanza kwa kusema chukua, alianza kumwona yule bwana kwa jicho jingine: si tajiri aliyeshuka na utulivu wake, ni mtu mwenye haraka kama yake, iliyovaa saa na viatu. Nyuma ya huyo wa mjini sijui kuna nani. Ukiifuata karafuu kuanzia mtini mpaka melini, kila unayemkuta anamngoja wa mbele yake na anamharakisha wa nyuma. Aliye mwisho kabisa wa mstari, mwenye kukaa akangoja kweli bila kumharakisha mtu, ni mti.

MAALIM: Mzee, kodisha nusu.

MJUKUU: Miti ishirini, laki nne na nusu. Nami nimeshawaza hivyo.

BABU: Nusu ipi? Ile ya bondeni inazaa, ya juu imechoka. Atataka ya bondeni.

MKODI: Nitataka ya bondeni, Mzee wangu, sitakudanganya.

BABU: Unaona.

Rai ya nusu kwa nusu ndiyo ambayo mtu mwenye kalamu angeipenda. Inapendeza karatasini. Shambani ina miti ya bondeni na miti ya juu, na mwenye pesa ana macho. Wakaijadili kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuandika: miti mingapi ya juu inalingana na mmoja wa bondeni, nani atalipa ulinzi, wachumaji watakuja kwa nani kwanza zikikomaa kwa wakati mmoja. Wakakubaliana mawili matatu, wakayavunja.

Shangazi alikuwa ameondoka katikati ya maneno hayo. Alikuwa chini ya mkarafuu ulio karibu na jiko, amevuta tawi, anakitazama kishada karibu na jicho kama mtu anayetia uzi sindanoni. Akavunja tumba moja kwa ukucha, akalinusa, akalitafuna kidogo, akatema.

Mfanyabiashara akasimama, akajipangusa suruali.

"Bi Mkubwa," akaita, "nirudi lini kwa jibu?"

"Bado," Shangazi akasema, bila kugeuka.

"Bado mimi nirudi, au bado karafuu?"

"Bado."